Mgongo wa dereva wa trela: dokta amesema maumivu yako kwa akili, sasa unayatoa vipi?

Nimepata swali refu la kaka mmoja dereva wa trela, mtu wa Tororo, miaka 43, anapiga Mombasa–Kampala na saa ingine anapitiliza Karuma na Elegu mpaka Juba. Nalifupisha ili na wengine wafuate. Mgongo wa chini unamuuma tangu katikati ya 2020, hakuanguka, hakubeba kitu kizito, aliamka tu asubuhi moja kwenye foleni ya Malaba kiuno kimekaza na hakikuachia tena. Amechomwa sindano za diklofenaki mpaka amezoea, ana belti ya mgongo, amekunywa mitishamba, amechanjwa chale, ameombewa, amefanya fizio, yaani tiba ya mazoezi, akapata nafuu kidogo alafu maumivu yakarudi. Dokta mmoja Kampala aliangalia picha ya MRI akamwambia diski, ule mto laini unaokaa kati ya pingili mbili, pale kati ya pingili za kiuno L4 na L5 imetokeza na ile ya chini yake imechakaa, asiiname, asibebe, na waanze kuongea habari ya operesheni. Dokta wa pili akamgonga magoti na kanyundo, akamtembeza kwa visigino na kwa vidole, akamwambia neva zako ziko sawa, hayo maumivu yako kwa akili. Anauliza: huyo wa pili alinitukana? Na kama anasema kweli, kitu kikishaingia kwa akili mtu anakitoa vipi?

Kaka, hakukutukana. Ila alisema vibaya alafu akakuacha njiani, na hiyo ya kukuacha njiani mimi naona ndiyo mbaya kuliko maneno yenyewe. Hapa Uganda ukimwambia mtu shida yako iko kwa akili anasikia Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, anasikia "unajifanya", anasikia "huna ugonjwa rudi kazini". Hakuna hata moja hapo inayokuhusu. Maumivu yako ni ya kweli kabisa, misuli inakaza kweli, usingizi unakatika kweli. Cha kuuliza ni nini kinayatengeneza saa hizi, miaka yote hii baada ya kuanza, na kwa jinsi ulivyoeleza mimi nakubaliana na dokta wa pili kuliko wa kwanza. Mimi ni mtu wa fizio, migongo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na migongo kama wako naiona mingi sana.

Kabla sijaenda mbali lazima tufunge mlango wa magonjwa ya hatari, kwa sababu kuna watu watasoma hapa na mgongo wao haufanani na wako. Huku kwetu TB inaingia mpaka kwenye pingili za mgongo, inakula mfupa pole pole, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, homa za jioni, na mwisho mgongo unaweza kupinda kabisa. Kuna brusela, ile inayokuja na maziwa yasiyochemshwa au kushika ng'ombe na mbuzi waliotupa mimba, homa inakuja inaondoka na kiuno kinauma vibaya, na wengi wanatibiwa malaria wee mpaka wanachoka. Kuna saratani, hasa kwa mzee ambaye tezi dume imeanza kumsumbua na sasa mgongo unamuuma usiku hata alale vipi. Kuna mfupa kuvunjika wenyewe kwa mama mzee au kwa mtu aliyetumia steroidi muda mrefu. Mwenye VVU au aliyewahi kuugua TB asikubali kuambiwa ni stresi kabla hajapimwa vizuri. Alafu kuna moja ambayo haingoji kesho: ukishikwa ganzi sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, yaani katikati ya mapaja, sehemu za siri na njia ya haja kubwa, au mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili inalegea, hiyo ni hospitali kubwa usiku huo huo, maana neva za chini zinabanwa na zikikaa hivyo zinaweza zisiamke tena. Wewe umesema hujakonda, huna homa, vipimo vya damu na vya TB vilitoka safi, mkojo uko sawa, nguvu ya miguu imepimwa. Basi huo mlango tumeufunga.

Sasa hiyo picha ya MRI. Najua uliilipia kwa uchungu na unaitembeza kwenye bahasha yake kubwa kuonyesha kila mtu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo, watu wanaotembea zao. Wa miaka 20 tu, 37 kati ya 100 diski zilikuwa zimeshaanza kuchakaa. Wa miaka 40, rika lako, 68 kati ya 100 zimechakaa na nusu nzima wana diski iliyotokeza, na wa miaka 80 ni 96 kati ya 100 wenye diski zilizochakaa. Na hao wote hawaumwi! Yaani tuchukue madereva mia wa umri wako wanaopiga stori pale Malaba na chapati mkononi, tuwaingize wote kwenye mashine, karibu nusu watatoka na ripoti kama yako na hakuna aliyekuwa anajua. Na diski ikitokeza kweli mwili wenyewe mara nyingi huinyonya ile sehemu ikarudi miezi ikipita, hata zile kubwa. Sisemi ripoti imedanganya. Inaonyesha umri wa mgongo wako, maumivu haiwezi kuyapiga picha.

Kilichokuumiza pale ni maneno yaliyofuatana na picha. Usiiname, usibebe. Kuanzia siku ile umekuwa unashuka kwenye gari kwa upande, unaokota kitu kwa kupiga magoti, tanboi, msaidizi wako wa gari, ndiye anabadilisha tairi peke yake na wewe umesimama unaona aibu. Mtu akikaa hivyo muda mrefu misuli inapoteza nguvu kweli, na kibaya zaidi ubongo unapata habari kila saa kwamba kuna kitu hapo nyuma kinakaribia kuvunjika.

Na hapa ndipo tunaingia kwenye akili yenyewe. Maumivu yote duniani, hata ya jino, yanatengenezwa kwenye ubongo, mwili unatuma habari tu alafu ubongo unaamua kama ni hatari au hapana. Kule Gulu na Kitgum kuna watu walikatwa miguu na mabomu ya ardhini wakati wa vita, waulize, kuna watakaokuambia usiku vidole vinawaka moto, vidole ambavyo vilishazikwa zamani. Na kinyume chake pia kipo. Mwaka 1995 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilieleza habari ya fundi mjenzi wa miaka 29 aliyeruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15, ukapenya soli ukatokea juu ya kiatu, jamaa analia kila msumari ukitikisika kidogo, ikabidi wampe dawa za kumtuliza. Kuja kuvua kiatu, msumari umepita katikati ya vidole, hata mkwaruzo hakuna. Hakuwa anaigiza yule. Ubongo wake uliona chuma kimetokea juu, ukaamua mguu umetobolewa, na maumivu yakaja mazima mazima.

Wewe ni dereva, chukua hii. Taa ya oili imewaka kwenye dashibodi. Unasimama, unavuta kijiti, oili iko. Unaendelea, inawaka tena. Fundi wa haraka atataka kukufungulia injini, fundi anayejua atakuambia hiyo ni sensa, kile kifaa kinachopima oili na kuwasha taa. Taa inawaka kweli, hakuna anayesema huioni, ila injini ni nzima. Mgongo uliouma miaka na vipimo viko safi, mara nyingi ndiyo hivyo, sensa imekuwa kali mno, inawaka kwa kitu kidogo, saa ingine inawaka kabla hata ya kitu. Tofauti ni kwamba sensa ya mtu hainunuliwi kwenye soko la spea la Kisekka, inafundishwa.

Na iliharibika lini? Umesema mwenyewe, katikati ya 2020, Malaba. Nani hakumbuki ule mwaka, madereva wa trela mlikuwa mnatangazwa kwenye habari kila jioni, leo madereva kadhaa kutoka mpaka huu, kesho kadhaa kutoka mpaka ule, foleni ya kupimwa Covid inakwenda kilomita na kilomita, watu wanalala kabini siku baada ya siku, na mkiingia mjini hakuna anayetaka kuwauzia hata chakula. Wewe umeandika kwamba mkeo alikupigia simu akakuambia kwanza usije nyumbani kwa sababu ya majirani. Umeandika kwa mstari mmoja tu alafu ukaruka moja kwa moja kwenda kwenye diski. Mimi nilisimama kwenye huo mstari nikausoma tena.

Mwili uliokaa siku nyingi kwenye kiti kimoja, bila usingizi, na hofu ya ugonjwa na hofu ya mpaka na aibu ya kukataliwa, kiuno kukaza ni kitu cha kawaida kabisa na kingeisha chenyewe wiki chache. Ila ubongo ulikuwa kwenye hali ya kutafuta hatari, ukaishika ile, ukaunganisha kiti na foleni na maumivu vikawa kitu kimoja. Alafu baadaye ikaja MRI kuuthibitishia ubongo kwamba ndiyo, mgongo umeharibika. Hapo imekwisha, imefungwa na nati.

Ushahidi umenipa mwenyewe bila kujua. Umeandika kwamba wikendi unakaa kwenye kibanda cha mpira, benchi la mbao lisilo hata na pa kuegemea, mechi mbili zikifuatana, na husikii kitu mpaka utoke nje. Ila kiti cha gari chenye springi ya hewa unaanza kuumwa hata kabla hujafika mizani ya Mariakani, hapo tu ukitoka Mombasa. Kaka, diski haijui tofauti ya benchi na kiti cha lori! Kama ni diski inayobanwa ukikaa, ingelia kwenye benchi kwanza. Umeandika pia kwamba baba yako alipofariki ulichimba kaburi na vijana, ukabeba jeneza, siku zote za msiba mgongo hukuusikia, ulivyorudi barabarani ndipo ukakushika. Wiki hii uko kushoto, wiki ijayo kulia, mara umepanda katikati ya mabega. Unazidi bosi akipiga simu kuuliza "umefika wapi", unazidi mwezi wa pili watoto wakirudi shule na ada haijakamilika. Mfupa uliovunjika hauchagui siku, na diski haina habari ya ada.

Kitu kimoja lakini tusidanganyane, kukaa kwenye lori masaa mengi na ule mtikisiko kunahusishwa kweli na maumivu ya mgongo, kwa hiyo kama kiti chako kimekufa springi au kimeinamia upande mmoja, kidai kirekebishwe. Ukifuata haya ninayosema usiache kiti kibovu, fanya vyote.

Utaniuliza hii kitu imepimwa wapi ama ni maneno ya wazungu wa yoga. Imepimwa. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti wa Boulder, Colorado, Marekani, watu 151 waliokuwa wameumwa mgongo kwa wastani wa miaka 10. Kundi moja walipata kikao kimoja na dokta na vikao 8 na mtaalamu ndani ya wiki nne, kazi ikiwa ni kuufundisha ubongo kwamba mgongo hauko hatarini. Mwisho wake 33 kati ya 50 walikuwa hawana maumivu au yamebaki kidogo sana. Waliochomwa sindano ya maji ya chumvi, na wakaambiwa wazi kwamba ni maji, ni 10 kati ya 51. Walioendelea na matibabu yao ya kila siku ni 5 kati ya 50. Na baada ya mwaka nafuu ilikuwa bado imeshika kwa sehemu kubwa. Australia nao mwaka 2023 walitoa utafiti wa watu 492, wale wa fizio walifundishwa kuchanganya mazoezi ya mwendo na kuongea juu ya hofu na maisha ya mtu, watu wakapata nafuu kubwa ya kufanya shughuli zao na mwaka mzima bado walikuwa nayo.

Sasa usiende kumtangazia kila mtu ati umepata dawa. Huo wa Boulder ni utafiti mmoja, ni watu wa kule, wengi wao wamesoma, maumivu yao yalikuwa ya kati kati, na pia wapo 17 kati ya 50 ambao hawakufika pale. Kuna dokta John Sarno wa New York, alifariki 2017, ambaye alisema mambo ya namna hii miaka mingi na madaktari wenzake hawakumtaka. Yeye alisema hasira iliyofichwa inanyima misuli oksijeni. Hiyo ya oksijeni haijathibitishwa na mimi siifundishi, na wala siamini kwamba kila mgongo una hasira nyuma yake. Ila alichokuwa anawaambia wagonjwa, mgongo wako ni mzima, acha kuuogopa, rudi kwenye maisha yako, hicho ndicho tafiti za baadaye zinakikaribia.

Haya, unafanya nini. Anza na gari limesimama. Panda kabini injini imezimwa, hakuna safari, hakuna bosi, simu weka mbali. Kaa. Mgongo ukianza kuguna usibadilishe mkao haraka haraka, usishike kiuno, usikimbilie belti. Uangalie tu. Maumivu yako wapi hasa, ukubwa wa sarafu au wa mkono mzima, yanachoma au yanabana, yamesimama au yanatembea? Usiyasukume na usiyabembeleze. Jiambie, kwa sauti ukitaka maana uko peke yako, hapa nimekaa kwenye kiti, mgongo umepimwa ni mzima, hii ni taa tu imewaka. Pumua pole pole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Dakika tano zinatosha. Saa ingine yatapungua, saa ingine yatahama, saa ingine yatapiga kelele zaidi kidogo, yote sawa. Hapo hutafuti kuondoa maumivu siku hiyo, unataka ubongo ukuone umekaa nayo bila kuogopa, tena na tena, mpaka uchoke kupiga kelele. Na yakizidi makali shuka utembee, ujaribu kesho, hakuna anayekupa cheti.

Ukishazoea gari lililosimama, fanya hivyo hivyo safari fupi, alafu kipande kimoja cha barabara unachokijua, kwa mfano Tororo kwenda Iganga. Ukiwa unaendesha macho ni barabarani, usijaribu kufumba wala kuzama kwenye mwili, ni lile neno tu moyoni, taa imewaka injini nzima, na mabega yashuke.

Kuinama nako lazima kurudi, na hapa watu wengi wanaogopa kuliko kitu chochote. Asubuhi nyumbani angusha kandambili chini, iokote kwa kuinama kawaida, mgongo ukipinda, bila kushika meza na bila kubana pumzi. Ndiyo, upinde, mgongo umeumbwa upinde. Mara chache kila siku. Alafu jerikeni yenye lita 5, wiki ingine lita 10, mpaka siku utabeba ile ya lita 20 bila kuwaza, na tairi ya spea iwe ya mwisho, wewe na tanboi pamoja. Utasikia misuli imechoka kesho yake, hiyo ni misuli iliyokaa miaka bila kazi, usichanganye na kuumia. Belti ivue kidogo kidogo, leo saa moja, kesho masaa mawili, kwa sababu kila ukiifunga unauambia ubongo kwamba bila hii nitavunjika. Na foleni za mpakani ambazo unazilaani, zitumie kutembea, zunguka magari yaliyoko mbele yako badala ya kulala kabini na simu. Usingizi pia, najua kwa kazi yako ni shida, ila mtu asiyelala sensa yake inakuwa kali zaidi siku inayofuata, kwa hiyo mirungi ya kukesha nayo iangalie vizuri kaka, hilo sitalizungusha.

Sindano za diklofenaki. Kila kliniki ya kona kona iko tayari kukuchoma na unasikia nafuu usiku huo, lakini ukizidisha miezi na miaka zinatoboa tumbo na zinaumiza figo, na mwenye presha ndiyo kabisa awe mbali nazo. Pima figo na presha ukipata nafasi. Kama kuna siku umetumia tramadoli barabarani, iache barabarani, inalaza mtu kwenye steringi, ila kama umeitumia kila siku kwa muda mrefu usiikate ghafla, dokta akupunguzie.

Mitishamba na maombi sina ugomvi navyo. Kama ukiombewa unatoka umetulia na mabega yameshuka, hiyo nayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Ugomvi wangu ni kwa mtu yeyote, awe wa hospitali, wa mizizi au wa madhabahu, anayekuambia mgongo wako umeoza na yeye peke yake ndiye atauponya.

Sasa ule mstari mmoja uliouruka. Huku kwetu mwanamume anaweza kumwambia mkewe mgongo unaniuma mara kumi kwa siku, ila hawezi kumwambia mara moja niliumia uliponiambia nisije nyumbani. Na baba umemzika, siku chache baadaye umepanda gari na mzigo wa watu, hakuna aliyekuuliza uko vipi. Sikuambii hayo ndiyo yaliyoumiza mgongo. Nakuambia mwili uliobeba vitu hivyo unakaa umejikaza, na uliojikaza unawaka taa haraka. Kama kuandika siyo kawaida yako, ukiwa peke yako kabini jirekodi sauti, sema yote kama yalivyo, na matusi kama yapo, juu ya 2020, juu ya mzee, juu ya bosi, alafu futa, hakuna haja ya kumtumia mtu. Fanya hivyo mara kadhaa. Baadaye ukiona unaweza, ongea na mama watoto, bila kumlaumu, inawezekana na yeye siku ile alikuwa analia. Kama yakitoka na kukuzidi, usingizi ukapotea kabisa au ukaanza kuwaza kwamba bora ufe, hapo tafuta mshauri au nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, hakuna anayefungiwa kwa kuongea.

Maumivu yatarudi, hilo lijue mapema. Utakaa wiki tatu safi unafurahi, alafu siku moja unateremka Salgaa usiku na mvua, au mzigo umekwama kwenye fomu pale Elegu, na mgongo unakushika kama mwaka wa kwanza. Wengi hapo ndipo wanapoacha, wanasema ilikuwa uongo, wanarudi kwa sindano. Mimi ningekuambia siku hiyo uangalie nini kilitokea siku mbili nyuma, usingizi, simu, deni, alafu urudi kwenye dakika tano zako na uendelee kuinama kama kawaida. Kupona huku hakuendi kwa mstari ulionyooka, kunapanda na kushuka, ila ukitazama miezi badala ya siku utaona kunakoelekea.

Umeniuliza na operesheni, nimalizie hapo. Kuna watu wanaihitaji na wasicheleweshe: wale wenye dalili za ganzi ya tandikoni na mkojo nilizotaja, wale ambao mguu unazidi kukosa nguvu, kwa mfano unyayo unaning'inia hawezi kuuinua, na wengine wenye maumivu makali yanayoshuka mguuni yanayofanana na diski iliyo kwenye picha na yamegoma miezi bila nafuu. Wewe huna hata moja, wewe una mgongo. Kwa mgongo peke yake bila hizo dalili, kupasua huwa hakuna faida kubwa kuliko mazoezi mazuri na hii kazi ya akili, na kisu kikishapita hakirudishwi. Kwa hiyo ukirudi kwa dokta wa kwanza muulize hivi: unataka kunipasua kwa sababu ya neva inayobanwa ama kwa sababu ya maumivu, na kama ni maumivu, ni nini kinakuonyesha kwamba yanatoka kwenye hiyo diski? Akikujibu vizuri msikilize. Akikasirika, tafuta mwingine. Na ukijaribu haya wiki sita au nane kwa bidii bila mabadiliko yoyote, nenda fizio ya hospitali ya rufaa Mbale ambayo kwako ni karibu, au ukiwa Kampala pitia hospitali ya CoRSU pale Kisubi, uombe wakupime upya mwendo na nguvu, na uwaambie tangu mlangoni kwamba hutaki tena kulazwa kwenye kitanda cha kupashwa moto tu, unataka mtu wa kukusimamia unaponyanyua.